Filamu za Bi Rukaiya na Ahadi ya Chumba cha Ndani

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Mikungu, Temeke, kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Taswira Mpya. Juni, 1999.

Mgeni rasmi, Ndugu Kornelio Kasimiri. Mwenyekiti wa mtaa wetu. Imamu wetu na katekista wetu. Wazee, kina mama, na vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi juani:

Assalaam alaykum. Na kwa jirani zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristu.

Twamshukuru Mola aliyetufikisha katika siku hii, ambayo tumeiandaa mara tatu. Mara ya kwanza, mgeni rasmi, ulipata safari ya ghafla. Mara ya pili ulifika, umeme ukakatika, ukaondoka kabla haujarudi. Pilau ya siku zote mbili ililiwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kilipotea kitu, ila nguvu za kina mama waliokesha jikoni. Leo umefika, na umeme upo. Kwa kuwa hatuna mazoea ya kuwapata nyote wawili kwa wakati mmoja, tutajitahidi kutorefusha maneno.

KUKUKARIBISHA

Mgeni twakupokea, kwa mikono na kwa moyo,
Sauti zimelegea, kwa safari tuendayo,
Picha tunayolilia, ndiyo siri tutunzayo,
Leo tunakuambia, kwa heshima tuwezayo.

Karibu Mikungu. Mkeka ulioketi juu yake ni wa msikiti, viti ni vya kigango, na kivuli tumekiazima kwa kufunga turubai la lori la jirani yetu. Tunakuomba utuwie radhi kwa upungufu utakaouona, na utuwie radhi zaidi kwa yale ambayo tungependa kukueleza faraghani lakini imetubidi kukusomea hapa.

ASILI YA FILAMU HIZI

Mgeni rasmi, marhumu Khalfani Mwinjuma, mume wa Bi Rukaiya, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mwaka wa uhuru alirudi kutoka Bombay na kamera ndogo ya filamu, ile ya kutiwa ufunguo kama saa, pamoja na mashine ya kuonyeshea ukutani. Yeye mwenyewe hakuwa na subira nayo. Aliyejifunza ni Bi Rukaiya, aliyekuwa akishona nguo za watoto kibarazani hapo mnapopaona. Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano aliuchukua mtaa huu ndani ya filamu: Maulidi yetu, uchimbaji wa kisima, wazee wakiezeka msikiti kwa makuti kabla hatujapata bati, na Mzee Marselino, mchonga vinyago wetu, akishusha magogo yake ya mpingo siku alipohamia hapa kutoka Newala. Filamu zilisafishwa ughaibuni. Khalfani ndiye aliyezichukua na kuzirudisha kwa meli.

Nyingine hakuzipigia nje. Alizipigia chumbani, katika shughuli za harusi, siku ya singo, bi harusi anaposuguliwa manukato, na katika ngoma za ndani, mahali ambapo wanawake huvua baibui na kuwa wenyewe kwa wenyewe. Kila mara, kabla ya kuitia kamera ufunguo, aliiweka kitandani mbele ya wote, akatamka kwamba hakuna mwanamume wa hapa atakayeitazama filamu ile. Asiyeridhia alitoka, au aligeukia ukuta. Walioridhia waliitikia kwa Fatiha. Filamu hizo alizifunga uzi mwekundu, zisichanganyike na nyingine. Siku za kuonyesha, mumewe aliitia filamu kwenye mashine, akahakikisha inazunguka kabla taa haijawashwa, kisha akaenda kukaa barazani hadi aitwe.

Wapo watakaouliza kuhusu wale waliozisafisha huko ughaibuni. Hata sisi tulimwuliza. Alijibu kwamba wale hawakumjua mtu, lakini hapa kila atakayetazama atajua huyu ni binti wa fulani na yule ni mke wa fulani. Jibu hilo wanazuoni wetu wangali wanalijadili.

Taa ya mashine ile iliungua katika miaka ya shida, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Biashara ilipofunguliwa maduka yalijaa redio kaseti, video na taa za kila namna, isipokuwa ile. Hivyo filamu zilikaa ndani ya mikebe ya biskuti zaidi ya miaka ishirini, mpaka zikaanza kutoa harufu kama ya siki.

TULIYOYAFANIKISHA

Mwaka jana, mgeni rasmi, uliposikia habari hii ulijitolea kuzihamisha filamu zetu zote na picha zetu za karatasi ziingie katika kompyuta, bila malipo. Jambo hilo hatulisahau, na hatulichukulii dogo. Tulipita nyumba kwa nyumba kukusanya. Tulikuta picha zilizogandana na kioo, picha zilizoliwa na mende, na picha ambazo wenyewe walikuwa wakizisugua kwa mafuta ya nazi kila Idi ili zing'ae, hadi nyuso zikatoka pamoja na vumbi. Bi Yuliana, mke wa Mzee Marselino, alileta picha ya ubatizo iliyokatwa katikati kwa mkasi. Tulipomwuliza nusu ya pili iko wapi, alisema nusu ya pili ilioa kwingine, na dada yake aliyeachwa ndiye aliyeshika mkasi.

Vyote hivyo tulivitia katika sanduku moja tukavikabidhi kwa wafanyakazi wako. Tunamshukuru hasa binti yetu Noela, fundi wa kampuni yako, ambaye amezisafisha filamu hizi kwa mikono yake mwenyewe na kuzihamisha. Mungu amzidishie.

YALIYOTUFIKISHA HAPA

Mgeni rasmi, hapa ndipo sauti inapokuwa nzito.

Ili kuzisafisha filamu ilimpasa Noela aondoe uchafu wote, na nyuzi nyekundu ziliondoka pamoja na uchafu. Hakuna aliyemwambia maana yake. Tulidhani kila mtu anajua, kwa sababu hapa mtaani kila mtu anajua. Kosa hilo ni letu.

Alhamisi ya wiki iliyopita Noela alituletea CD ya onyesho la leo ili kamati iikague. Tuliketi mbele ya televisheni ya Mwenyekiti, wanaume na wanawake. Tuliyaona Maulidi, na wazee wetu wakiwa na meno yao. Wapo waliocheka na wapo waliojifuta macho. Kisha, bila kituo, kikatokea chumba cha ndani.

Bi Rukaiya aliinuka, ingawa magoti yake siku hizi hayamtii, akasimama mbele ya televisheni, akaitanua kanga yake kwa mikono miwili.

"Zima, mwanangu," alimwambia Noela. "Zima kwanza."

Noela alizima. Wanaume tulikuwa tumeinamisha vichwa. Aliyetutangulia kwa adabu ni Mzee Marselino, ambaye alikuwa ameshakigeuza kiti chake kikaelekea ukutani. Baadaye tulipomshukuru, alisema hata kwao Newala kuna nyumba ambazo mwanamume hachungulii, na kwamba tusimsifu kana kwamba ametoka msituni jana.

Tangu siku hiyo tumezunguka. Tulikuja ofisini kwako Ijumaa, tukaambiwa uko kikaoni. Tulirudi Jumatatu, tukaambiwa tuandike haja yetu. Tuliandika, tukajibiwa kwamba ratiba imekwisha kupangwa, kwamba onyesho litafanyika hadharani kwa kitambaa kikubwa, na kwamba kila nyumba itapewa nakala yake. Tunaziona nakala hizo mezani. Risala hii ndiyo mlango uliobaki, ndiyo maana tumepita humu na mizigo yetu yote.

Sisi kwa sisi hatukuwa na neno moja. Baadhi ya wazee walisema filamu za chumbani zichomwe, tupumzike. Baadhi ya vijana walisema hizi ni zama nyingine, kwamba vibanda vya video vinaonyesha makubwa kuliko hayo na dunia haijaanguka. Kina mama walio hai tuliwaendea mmoja mmoja, kwa kupitia mabinti zao. Wengine walisema zitunzwe, wengine walinyamaza. Lakini wengi walioitikia Fatiha ile wako makaburini, na hakuna wa kuwaendea huko kuwauliza kama wamebadili nia.

Jambo lingeishia katika kuchoma, kama si Badru.

Mgeni rasmi, Badru ni yule aliyeketi mwisho wa mkeka, mwenye shati la kazi la bandarini. Ameruka zamu yake ili awepo. Mama yake, Mwamvita, alifariki siku aliyomzaa. Babu yake hakuruhusu mabinti kupigwa picha studio, kwa hiyo haikubaki hata picha moja ya karatasi. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo Mwamvita aliolewa, na siku yake ya singo Bi Rukaiya alikuwemo chumbani na kamera. Mashine iliungua taa Badru angali anatambaa.

Kamati ilipofikia uamuzi wa kuchoma, aliomba kusema. Hakuzoea kusimama mbele ya wazee, na tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Wazee wangu, shikamooni. Kila mtu hapa ananipa kipande chake. Huyu ananiambia paji la uso ni la mama, huyu ananiambia meno. Mie sijawahi kumwona yeye mzima."

Akaketi. Hakuna aliyelitaja tena suala la moto.

Mama ni maharimu wa mwanawe, na sheria haimzuii Badru kuutazama uso wa mama yake. Uzito uko hapa: desturi yetu ni kwamba bi harusi haachwi peke yake hata dakika moja, tangu anapoingizwa ndani hadi anapotolewa. Hivyo katika filamu ile nzima hakuna mahali ambapo Mwamvita yuko bila wanawake wengine, nao hawana mitandio, mmoja akimsugua mkono, mwingine akimsuka. Atakayemwona yeye atawaona na wao. Bi Rukaiya alikaa na jambo hilo siku mbili, halafu akatuita.

"Mwamvita aliniamini," alisema. "Na wenzake waliniamini. Sasa nikimtimizia huyu nawavunjia wale. Mie ni mtu mzima, nimechoka kuwa kitasa."

Aliyetutoa hapo ni Noela. Alieleza, kwa upole na bila kujikweza, kwamba filamu ikishaingia katika kompyuta inaweza kusimamishwa, uso mmoja ukatengwa na nyuso nyingine, ukakuzwa na kuchapishwa peke yake, na wengine wasibaki hata kwa kivuli. Filamu ya zamani isingeliweza hilo. Wazee walimwuliza mara nyingi kama ana hakika. Alijibu kila mara kwamba anayo.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, tunajua risala nyingi huomba barabara, maji na zahanati. Sisi pia hatuna vitu hivyo, lakini leo hatuviombi.

Tunaomba onyesho la hadharani lisifanyike kama lilivyopangwa. Nakala zilizo mezani zisigawiwe. Zirudi kwa Noela azitenge, ili Maulidi, kisima na mambo yote ya nje yawe ya kila nyumba, na ya chumba cha ndani yabaki katika CD moja tu, mkononi mwa Bi Rukaiya. Baada yake ataishika binti yake Salma. Tunaomba pia filamu zenyewe zirudishwe katika mikebe yake, na yaliyobaki katika kompyuta za kampuni yafutwe na Noela, Salma akiwepo. Hatukushuku, mgeni rasmi. Tunakuamini, kama wale wanawake walivyomwamini aliyekuwa na kamera.

Tunaomba leo, badala ya kitambaa kikubwa, kompyuta uliyokuja nayo, pamoja na mashine yake ya kuchapisha, iingizwe nyumbani kwa Bi Rukaiya. Kina mama waingie na Noela, mlango ufungwe, wawaone wenzao, wakiwa na haja ya kulia walie. Sisi wanaume tutabaki hapa nje na wewe. Tunafahamu kwamba umekuja na wapiga picha wa magazeti, na kwamba mwaliko wetu ulikuahidi shughuli. Shughuli yenyewe ni kungoja. Chai ipo, na mihogo ya nazi.

Humo ndani Bi Rukaiya atamwonyesha Noela bi harusi ni yupi, na Noela atatoa picha moja.

Ombi la mwisho si letu, ni la Badru, naye hakutaka kulisoma. Ratiba inaeleza kwamba mgeni rasmi atakabidhi picha mbele ya wananchi, apeane mkono na anayekabidhiwa, wapigwe picha. Badru anakushukuru sana, na anaomba asikabidhiwe hivyo. Asiitwe kwa kipaza sauti, na asipigiwe makofi. Mlango utakapofunguliwa, aingie peke yake aipokee kwa Bi Rukaiya, na atakapotoka tumpishe njia, aende nayo kwake.

Hapo ndipo yanapoishia tunayoyaomba. Mungu akupe umri wenye kheri, akuruzuku macho ya kuona na ya kuachilia, awarehemu waliotutangulia na awasitiri kama walivyotaka kusitiriwa, na awape wepesi wote waliochoka kwa ajili ya siku hii. Amina.

Ni sisi, wakazi wa Mtaa wa Mikungu na Kamati ya Kutunza Filamu na Picha za Mtaa, Temeke.

Imesomwa kwa niaba yao na Mfaume Shomari, Katibu.