Dereva Aliyekuwa Akitimiza Akidi

Tarehe 30 Juni 1999 Bwana Bazilio Nduwayezu atakabidhi ufunguo wa Land Rover ya Halmashauri, baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha magari ya serikali. Wenzake tumeandaa pilau, soda na wasiwasi mwingi.

Wageni wafahamu kwamba mwananchi wa huku anasemewa mahali pawili: mbunge humsemea Dodoma, diwani huisemea kata yake hapa Kasulu. Ila diwani ambaye hajafika hasemi kitu, na wajumbe wasipotimia nusu, ndiyo akidi, kikao hakipo, hata kama mwenyekiti amevaa tai. Kuwatimiza ilikuwa kazi ya Bazilio. Aliwatoa madiwani shambani, mnadani, na mmoja katikati ya ugomvi wa mbuzi na jirani yake, bila kumvunjia mtu heshima.

Masika ya 1994 yalitutoa jasho. Tulitaka jimbo ligawanywe tupate wabunge wawili, na ombi lilipaswa kupitishwa na kuondoka siku hiyohiyo. Mto ulifurika, akidi ikapungua mtu mmoja. Diwani pekee aliyefikika, Mzee Pasikali, alikuwa Muyama, msibani kwa baba mkwe wake. Kwetu mkwe haondoki kabla ya maziko. Akiondoka, hata wajukuu wake watakuja kuambiwa.

Bazilio alipofika hakumgusa Pasikali. Alivua kofia, akaketi na wafiwa, akashika sururu ya kuchimba kaburi zamu yake ilipofika. Ndipo akamwendea mjane, Bibi Epifania, ambaye alitaka kujua mbunge wa pili ni wa nini.

"Mama, mmoja akianzia Kasulu, miaka mitano inakwisha hajafika Muyama. Wakiwa wawili, mmoja ataanzia huku."

Bibi akamtazama Pasikali. "Haya, mchukue. Ila mume wangu hafukiwi mpaka huyu arudi."

Ukumbini, madiwani waliojiandaa kuhutubia walimwona Bazilio mlangoni, matope hadi magotini, akitazama mawingu. Ombi likapita kwa hotuba fupi kuliko zote tulizowahi kuzisikia. Wakati wa kurudi gari lilikwama mlimani. Diwani na dereva wakapanda kwa miguu, mvua ikiwachapa. Waliwakuta watu wameketi kulizunguka kaburi, wamelikinga kwa majani ya migomba. Bibi Epifania akampa mkwewe jembe. Hakuna aliyeuliza kura zilikwendaje.

Jimbo liligawanywa. Sasa uchaguzi ni mwakani, dereva mpya ana mbio kweli, lakini hatujamwona akiketi msibani, na usiku wengine wetu hatulali.

Bwana Bazilio, ahsante. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu mizito na asubuhi zisizo na haraka. Lakini siku ya kikao ukisikia honi nje ya nyumba yako, utusamehe, na utoke na kofia.