Mtoro bin Dadi na Karatasi ya Bizari

Baada ya miaka kumi na mitano katika ghala letu la boriti hapa Mbwera, Bwana Mtoro bin Dadi anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1907. Macho yamechoka, mwenyewe anasema mstari mmoja sasa anauona miwili. Wenzake tunafurahi kwamba anakwenda kupumzika Ruaruke. Mimi, Khamisi, niliyeambiwa nishike kalamu yake, wiki nzima sina raha.

Alianza mwaka 1892 akiwa karani wa kuchora. Wakata mikoko wengi hawasomi, kwa hiyo kila agizo la ghala alilifanya hadithi ya picha, kila picha na chumba chake katika karatasi moja: mtu anachagua mti, anaukata, anaupakia chomboni. Vyumba vilianzia kulia, kama tulivyozoea kusoma Kurani chuoni. Msimamizi wetu wa kwanza, Mzungu, alianzia kushoto, akataka kujua kwa nini boriti zinashushwa na kurudishwa msituni. Mtoro hakubadilisha kitu, ila alimchorea mkono wa kumwonyesha pa kuanzia.

Karatasi aliichagua kama mtu anayechagua mchumba. Alirarua kipembe, akakilamba, akatia nukta ya wino. Wino ukitambaa, bunda zima lilirudi dukani na mwenye duka akanuna. Kwa kuwa hewa ya huku ina unyevu, karatasi zake alizihifadhi darini jikoni, na maagizo yote ya ghala yakawa yananuka moshi. Wino aliupika mwenyewe kwa masizi ya taa na gundi ya mti wa mgunga. Rangi nyekundu aliipata kwa kuchemsha magome ya mkandaa, mmoja wa mikoko yetu.

Kisha vikaja vita, Agosti 1905. Habari za Umatumbi, vilikoanzia, zilifika kila siku, na zote mbaya. Ilisemekana askari wa serikali watapita vijijini wakichoma mpunga na nyumba. Mashua za ghala ziliruhusiwa kuwavusha wanawake na watoto hadi ng'ambo salama, naye Mtoro akachora: mama, mtoto, gati, mashua. Ofisini kulikuwa na karatasi nyeupe yenye mistari. Ilikuwa nzuri kweli, na wino ulikaa vizuri. Tukaisambaza.

Hakuja mtu. Walipoiona ile mistari walikumbuka karatasi za kodi na za kuitwa shamba la pamba kwa nguvu, wakakimbilia mikokoni. Dada yangu Mwanahawa alikuwa miongoni mwao, na mtoto wa miezi minne, siku tatu matopeni. Mtoro alisema kosa ni lake. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa vile.

Alikwenda dukani akachukua karatasi ya hudhurungi ya kufungia bizari, ambayo hakuna nyumba isiyoijua. Ile hunywa wino vibaya sana, kwa hiyo aliipaka kwanza uji mwembamba wa mchele, mchele wa chakula chake mwenyewe, akaianika. Picha zilikuwa zilezile. Siku ya nne mashua zilijaa, na Mwanahawa alifika gatini karatasi mkononi. Mtoto yule sasa anatamka maneno.

Leo vita vimekwisha na njaa imeshika. Kesho kutwa natakiwa nichore karatasi ya kuwaita watu waje kuchukua mbegu za mpunga, na wakichelewa mvua za vuli zitawapita. Tumeletewa karatasi mpya kutoka Dar es Salaam, laini, haina mstari hata mmoja. Nilimpelekea Bwana Mtoro aipime. Hakuilamba. Alisema, "Kampe dadako kwanza, tupu hivyo hivyo. Akiipokea, chora."

Juzi nilimpelekea. Mwanahawa alimvuta mtoto nyuma yake, ndipo akaniuliza imetoka kwa nani.

Bwana Mtoro, ghala zima linakushukuru. Waliovuka wanakushukuru zaidi. Mungu akupe afya, shamba lenye rutuba na siku nyingi za kukaa na wajukuu bila wasiwasi. Nenda salama, baba. Ila kabla hujapanda mtumbwi, nionyeshe uji ule wa kupaka karatasi ya bizari uwe mzito kiasi gani. Mchele nilio nao ni kikombe kimoja tu.