Ombi la Wakunga wa Tshopo Kuhusu Simu katika Chumba cha Kuzalia

KARIBU
Mgeni rasmi, Papa Daktari Mkuu wa eneo letu la afya, sisi wakunga wa kituo cha uzazi, Maternité Ndako ya Bomoi, yaani Nyumba ya Uzima, tunakupokea kwa heshima, ingawa nyuso zetu leo ni nzito.

TULIKOTOKA
Kituo hiki kilianza katika nyumba ya udongo. Akina mama walikuja kwa miguu, wengine kwa mtumbwi kutoka Yanonge, na mkunga alikuwa na kazi moja: mama aliye mbele yake. Baadaye tulipewa simu za kutuma ripoti. Zilitusaidia. Dawa ziliagizwa mapema, na mama mwenye shida alisubiriwa hospitalini. Kwa hilo tunashukuru.

LILILOTUPATA
Germaine, muuza samaki wa soko la hapa, alijifungua mtoto wa kike salama. Mwenzetu Lydie alikuwa akimkanda tumbo ili damu ikatike, simu ikalia. Kundi la simu la wakubwa wetu wa afya lilitaka kila kituo kitume takwimu na picha mara moja, atakayenyamaza atajieleza. Lydie alishakaripiwa mbele ya kundi zima kwa kuchelewa kujibu, siku aliyokuwa akipokea mapacha. Akanawa mikono, akapiga picha, akaandika. Mtandao ukakatika, akarudia.

"Mama Lydie, niko nasikia baridi," Germaine akasema.

"Niko nakuja, mama. Nimalize hii tu."

Alipogeuka, shuka lilikuwa limelowa damu. Tulikimbia sote, tukashindwa. Mumewe, Zacharie, alifika na bakuli la uji, akamkuta amefunikwa. Hakutufokea. Aliuliza tu, "Hakukuwa mutu naye?"

Mtu alikuwapo.

Lydie bado yuko kazini. Mara nyingi hutuuliza, "Alisema baridi, na nilisikia. Kwa nini sikuinuka?"

TUNACHOOMBA
Papa Daktari, hatukatai ripoti. Tunaomba simu ibaki nje ya chumba cha kuzalia, na ripoti ingoje mpaka mama awe salama. Ukimya wa mkunga usihesabiwe kuwa uvivu. Tunasema kwa unyenyekevu, kwani hata leo asubuhi kundi lilidai picha za maandalizi ya kukupokea, na akina mama wakiwa na uchungu. Tulizituma.

KUAGANA
Lydie hayupo kwenye mstari huu. Yuko ndani na mama Nyota, ambaye mtoto wake yuko njiani. Simu yake ameiacha kwetu. Imelia tangu ulipoketi, hatukumpelekea. Ukipenda kumsalimu, tunaomba umsubiri.

Mungu ampumzishe Germaine, amkuze binti yake, na akupe wewe moyo wa kutusikia.

Imesomwa na Chimène, kwa niaba yetu sisi,
Wakunga wa Maternité Ndako ya Bomoi,
Tshopo, Kisangani.