Vyoo Vinne vya Mchora Ramani

Ndugu waombolezaji, tunaomba mketi, na walioko juani wasogee ukutani, tuwasomee maisha ya ndugu yetu, aliyejulikana kazini kwa jina la Ya Mwisho, kama mkewe alivyotaka yasomwe, bila kupakwa rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1979, akisifiwa kwa kuchora na kulaumiwa kwa mengine yote. Mwaka 1982 aliajiriwa tarishi katika ofisi ya wasanifu majengo, akabeba michoro ya watu hadi ikamwingia damuni, na tarehe 6 Juni 1987 alimwoa binti wa fundi cherehani, akimwahidi nyumba yao wenyewe. Mungu akawajalia watoto watatu, mwenye nyumba akawajalia notisi mbili.

Mwaka 1994 alijiunga na chuo cha jamii kusomea teknolojia ya usanifu majengo, masomo ya jioni ya miaka miwili, yeye akayamaliza kwa minne, kwani meza ya kuchorea ndiyo ilikuwa meza ya kulia, na nyumba ya maboksi aliyoijenga kwa ajili ya mtihani ilikaliwa na kitindamimba ikabonyea, akaipeleka hivyo hivyo, mwalimu akamuuliza kama lile ni paa au ni ajali.

Alipohitimu alipandishwa kuwa mchora ramani, akachorea mtaa mzima, huku mkewe akimkumbusha ahadi kwa upole, na baadaye bila upole. Ramani ya nyumba yao aliibadilisha kila alipopenda dirisha la mteja, na kila ramani iliyotoka mkononi mwake, iwe yao au ya mteja, aliiandika juu "Ya mwisho kabisa". Mwaka 2003, kiwanja kikiwa tayari, alichomoa moja kwenye rundo, akamkabidhi mwashi, akaenda kazini kwa watu. Kuta zilipofika madirishani, mama watoto alipeleka chai, akauliza mbona kuna vyoo vinne vimepanga foleni, mtu mzima hageuki ndani, na jiko liko wapi. Ilikuwa ramani ya shule ya chekechea.

Marehemu alikuja na futi, akapima kana kwamba kuta zingemwonea haya, akataka kubomoa achore upya. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, hapa paezekwe. Ukishika penseli tena, naivunja." Paa likapanda, madarasa yakawa sebule na vyumba, vyoo viwili vikawa stoo, jiko likabaki la nje, na tarehe 20 Desemba 2004 wakahamia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Akiwa wodini aliomba karatasi, na safari hii mkewe ndiye aliyemchongea penseli, naye marehemu akamchorea jiko, mkewe akasema mlango utagonga sufuria, akaugeuza bila ubishi. Alifariki tarehe 3 Mei 2023, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia maoni yake kuhusu milango ya wodi, majirani kwa viti na maji, na wafanyakazi wenzake kwa kumbeba. Na kwa maneno ya mkewe: Baba watoto, mwashi amekwishaitwa, msingi wa jiko unachimbwa wiki ijayo, kama ulivyouchora. Pumzika kwa amani.