Msiichome Maktaba ya Mzee Ngazi

Sogezeni viti, wanangu, mkae huku upande wa sikio langu zima, na wewe binti yangu izime hiyo simu, maana nitakalosema nalisema mara moja, na pumzi haikopeshwi. Daktari amewaficha nyinyi, mimi hakunificha. Nakwenda, wala sina kinyongo na safari.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa, na hilo halina mjadala. Linalonikosesha usingizi ni chumba cha mbele, chenye vitabu vya mwalimu wangu, yule mtaalamu wa dini na visasili vya mataifa ambaye sisi wanafunzi wake tulimwita Mzee Ngazi. Juzi niliwasikia mkinong'ona jikoni, mkidhani mgonjwa wa mwili ni mgonjwa wa masikio pia. Wewe mwanangu, unayeongoza watu katika maombi, ulisema, "Vichomwe! Vimeiweka gharika ya Mungu kundi moja na ngano za wapagani." Na wewe binti yangu, unayefundisha chuoni katika idara ile ile niliyofundisha mimi, ukajibu, "Vichomwe tu, vimewaita babu zetu washenzi." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Watu ambao hawajasalimiana vizuri tangu tumzike mama yao, leo wamepatana, na walichopatania ni kiberiti!

Sikilizeni basi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mzee Ngazi alikosea, tena kosa la mtu mzima: alizipanga akili za watu kwenye vipandio vya ngazi, uganga chini, dini katikati, sayansi juu, na yeye mwenyewe, bila shaka, akakaa juu kabisa akipepewa. Hakuwahi kuketi na msimulizi hata mmoja. Walimwengu wote aliwajua kwa barua na vitabu, mezani pake, miguu kwenye zulia. Lakini alikuwa na ujasiri wa kuviweka visa vya mataifa yote juu ya meza moja, kisha akauliza kwa nini watu wasiojuana, waliotenganishwa na bahari, wanalia kwa maneno yanayofanana. Swali lile ndilo urithi. Majibu yake yatupeni mkitaka, swali msiliguse.

Nami niliyaamini majibu hayo hadi alipofariki kaka yenu wa kwanza, ambaye nyinyi hamkumkuta. Mama yenu alikuwa muuguzi katika wodi ile ile. Aliujua ugonjwa kwa jina lake, aliijua dawa iliyoshindwa na kwa nini ilishindwa. Hata hivyo, tulipokaa kwenye benchi pale nje ya wodi, akaanza kunisimulia kile kisa cha mjumbe aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akazubaa njiani, mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Nikamuuliza, "Kwani unaamini hayo?" Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Nani kakwambia habari za kuamini? Nataka tu nisiwe peke yangu." Hapo, wanangu, ngazi ilivunjika. Kisa kile hakikuwa sayansi ya wajinga. Kilikuwa mkono wa waliofiwa kabla yetu, umetulia mabegani mwetu.

Basi siku ya kumuaga mwalimu chuoni alipostaafu, ukumbi umejaa, anasifiwa mpaka kipaza sauti kinatoka jasho, nilisimama nikayasema hayo mbele yake. Mkuu wa idara, yule tuliyemwita Msumari, akaninong'oneza, "Umejichimbia kaburi." Na kweli alininyima cheo miaka na miaka, nimemsamehe, nanyi msije mkawanunia wanawe. Kesho yake mwalimu akaniita kwake. Nilikwenda kama anayekwenda kufukuzwa. Akanimiminia chai mwenyewe, akasema, "Wa kunisifu ninao tele. Aliyenisoma ni wewe. Vitabu hivi vichukue, unibishie mpaka ufe." Nimembishia, wanangu, na kila ninachokijua nilikijua kwa kumbishia.

Kwa hiyo nausia: chumba cha mbele kifunguliwe mlango wa barabarani, atakaye aingie asome. Binti yangu, kando ya kila kitabu chake weka sauti za wasimulizi nilizorekodi, ili aliyesemewa naye aseme. Mwanangu, usiogope gharika yako kuketi na gharika za wenzio. Imani inayokufa kwa kumwona jirani ilikuwa mahututi zamani. Na wewe, usimcheke kaka yako akiinamisha kichwa. Hujui anaongea na nani, na mimi niliyeyasoma haya maisha yangu yote sijui pia.

Siku ya kunizika, kaka aombe, dada asimame karibu naye, wala asitazame saa... Maji? Hapana, yatosha... Mungu... usinikunjie uso, binti yangu, natumia neno nililonalo... Mungu awaweke. Awape nyumba yenye kelele, kelele za watu wanaobishana na kupendana... na wanangu wenu waje... nimesema wanangu? Wajukuu, wajukuu zangu... Ah, uacheni mkono wangu. Si mimi. Shikaneni nyinyi... Hivyo... Hivyo hivyo.