Hedley Pugsley na Kengele ya Lifti ya Merricombe

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya kushika breki ya chini kwenye Lifti ya Mwamba ya Merricombe, Bwana Hedley Pugsley anastaafu Jumapili hii, tarehe 27 Oktoba 2024. Alianza kazi wiki ya Pasaka mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Tangu hapo amekosa siku kumi na moja tu kwa ugonjwa. Nne kati ya hizo anadai hakuwa mgonjwa, ila marehemu mkewe, Beryl, alimfichia buti.

Kamati imeniomba niandike mimi kwa sababu nimekaa miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha tiketi, hatua nane kutoka mlangoni pake. Sijazoea kuandika hotuba. Nitaandika ninayoyakumbuka.

Kwa wageni wetu wa leo, ni vizuri mjue kwamba lifti yetu haina injini. Ni mabehewa mawili ya reli kwenye mteremko wa mwamba, yaliyofungwa kwenye kamba moja ya chuma. Moja likishuka, jingine linapanda. Behewa la juu hutiwa maji kwenye tangi lake mpaka liwe zito kuliko la chini, kisha breki zinaachiwa. Likifika chini, maji yanamwagwa na safari inaanza upya. Ugumu uko kwenye kiasi cha maji. Mshika breki wa juu hawaoni abiria wa chini, kwa hiyo wa chini humpigia kengele, mlio mmoja kwa kila abiria. Kwa miaka ishirini na saba mtu wa juu alikuwa Gerald, mume wangu.

Hedley alikuwa na jicho la kazi hii. Aliamini kwamba familia iliyoshinda ufukweni tangu asubuhi huongezeka uzito kabla ya kurudi juu, kwa mchanga ulioingia viatuni, taulo zilizolowa na chipsi zilizo tumboni. Mabasi ya wazee kutoka Taunton aliyapenda zaidi, kwa kuwa walipanda taratibu na walikuja na keki. Kila abiria kwake alikuwa kipenzi. Askofu aliyekuja kuibariki lifti mwaka 1994, akiwa na kofia yake ndefu na fimbo, aliambiwa mbele ya umati mzima, "Sogea nyuma kidogo, kipenzi, umemkanyaga mbwa mkia."

Watu huuliza kama yeye na Gerald walikuwa marafiki. Walikuwa marafiki wa mbali, umbali wa mita mia na thelathini za reli. Breki haiachwi bila mtu, kwa hiyo sidhani kama walikula chakula cha mchana pamoja zaidi ya mara ishirini. Lakini kila asubuhi gazeti liliwekwa chini ya benchi la behewa. Gerald alijaza majibu ya mlalo ya fumbo la maneno la siku, akalishusha. Hedley akajaza ya wima, akalipandisha. Wakikwama, gazeti lilirudi na matusi madogo pembeni.

Gerald alifariki Novemba mwaka jana. Wakati huo Hedley alikwishaandika barua ya kustaafu, na binti yake, Tamsin, alikuwa amemwandalia chumba nyumbani kwake Yorkshire. Lakini sheria inataka washika breki wawili wenye cheti, na cheti kilichobaki kilikuwa kimoja, cha Hedley. Wenye lifti walitwambia wazi: kama hatakuwepo wa pili kabla ya Pasaka, lifti itafungwa, na haitafunguliwa tena. Watu kumi na wawili wangekosa kazi. Wazee wanaoishi kule chini wangebaki na ngazi mia na tisini na sita kila wanapotaka kwenda dukani au kwa daktari.

Hedley aliichukua barua yake kutoka ofisini, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa kibandani kwangu Tamsin alipompigia simu. "Baba, chumba kimepakwa rangi mara mbili. Ni nini tena?" Akamjibu, "Basi rangi ikauke vizuri, kipenzi."

Aliyejitokeza kujifunza breki ya juu alikuwa Pauline Slade, ambaye kwa miaka saba alikuwa akioka skonzi katika mgahawa wetu wa chai. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na aliogopa kutazama chini kutoka mahali pa juu, jambo ambalo hakulisema mpaka wiki ya tatu. Alijifunza koki ya maji, mkanda wa breki, kipimo cha tangi. Walipandisha mifuko ya mchanga mwezi mzima bila hitilafu hata moja.

Mwezi wa Februari wakaamua kujaribu na watu. Wanakwaya tisa wa kanisa walijitolea kuwa abiria, kwa ahadi ya skonzi na krimu wakifika juu. Hedley aliwatazama wakipanda katika makoti yao mazito ya baridi, akapiga kengele mara tisa, akaongeza milio miwili ya haraka haraka. Pauline akatia maji ya watu tisa, akaachia breki. Mabehewa yalikwenda hadi katikati ya mwamba, yakapunguza mwendo, yakasimama.

Walikaa pale dakika hamsini wakati mafundi wakilivuta behewa kwa mkono, na upepo wa baharini ukiwapiga. Kwanza waliimba. Baadaye Bi Enid Vellacott, wa sauti ya kwanza, alifungua dirisha akapaza sauti: "Hedley Pugsley! Nikifa hapa ujue ni njaa, wala si wewe!"

"Nitaandika hivyo kaburini kwako, kipenzi!" Hedley alimjibu. Lakini uso wake ulikuwa umepauka.

Mwanakwaya wa mwisho aliposhuka salama, Hedley alipanda ngazi zote mia na tisini na sita, na goti lake lile linalomuuma. Nilimfuata, kwa hiyo niliyasikia haya kwa masikio yangu. Pauline alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, funguo za breki ziko mapajani.

"Chukua," alisema. "Nimewatundika watu tisa hewani. Nirudishe kwenye skonzi zangu, Hedley. Mimi na unga tunaelewana."

Hedley alishika nguzo mpaka pumzi yake ikatulia. "Ile milio miwili ya mwisho uliielewaje?"

"Si kwamba mko tayari?"

"Maana yake ni wazito kuliko wanavyoonekana, ongeza maji. Sikukufundisha. Hata sikujua kama nimeipiga. Sikukupigia wewe, kipenzi. Nilikuwa nampigia Gerald."

Pauline alijifuta pua kwa aproni yake. "Basi nifundishe na hizo za Gerald," alisema.

Alama zile za kengele hazikuwahi kuandikwa popote. Hedley na Gerald walizibuni kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, ili wasimtajie mgeni uzito wake mbele ya watu. Jioni ile Hedley aliomba daftari kibandani kwangu, akaziandika, na zilifika kumi na saba. Mlio mrefu baada ya idadi ni mbwa waliolowa. Milio mitatu mifupi ni watoto wa shule, hesabu wawili kuwa mtu mzima mmoja. Kuna moja ya wapiga tarumbeta na moja ya watu waliotoka kula kaa mgahawani kwa Bwana Jewell. Ya kumi na saba ilikuwa mlio mrefu, mfupi, mrefu. Alisita kabla ya kuiandika. Ilimaanisha mke wa Gerald anapanda, weka birika jikoni. Kwa miaka yote ile nilidhani ni bahati tu kwamba kila nikifika juu nakuta maji yanachemka.

Mkaguzi wa vyeti vya breki alikuja Jumanne, tarehe 19 Machi. Alikuwa bwana mpana mwenye koti refu, na alisema atapanda mwenyewe kutoka chini pamoja na abiria kumi na watano. Bi Enid alikuwa wa kwanza kuingia, akaketi, akafunga macho. Hedley aliwapitia mmoja mmoja kwa jicho, akapiga kengele mara kumi na sita, kisha milio miwili ya haraka, kisha akafikiri, akaongeza mingine miwili. Kule juu koki ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena kidogo. Behewa liliondoka taratibu kama mtu anayeinuka kitini, likafika juu bila kutikisika.

Mkaguzi alimuuliza Pauline ile milio ya nyongeza ilikuwa ya nini.

"Ni siri ya kazi, bwana," alisema Pauline.

Mkaguzi alisaini cheti palepale. Tulifungua Ijumaa Kuu, mstari ukafika hadi kwenye kibanda cha aiskrimu. Msimu huu tumepandisha abiria elfu sitini na moja, na hatujamtundika hata mmoja. Mwezi wa Septemba Bwana Martin Chugg, aliyekuwa tarishi wetu, alipata cheti cha breki ya chini baada ya kukaa kiangazi kizima ubavuni mwa Hedley. Kwa hiyo wapo wawili tena, na Hedley anaweza kwenda.

Hedley, Kamati inakushukuru, wafanyakazi wanakushukuru, na wazee wa kule chini wamenituma nikushukuru mara mbili. Mimi nina langu pia. Ulipaswa kuondoka Aprili, ukabaki ili kazi ya Gerald isizikwe pamoja naye. Jumatatu saa nne asubuhi utakuwa kwenye treni ya Yorkshire. Saa hiyohiyo Martin atapiga kengele, Pauline atafungua maji, na lifti itapanda. Nenda ukapumzike, kipenzi. Tunakuombea miaka mingi ya afya, goti lipone, na chumba kiwe na jua la asubuhi.