Dawa ya Kuku Bwawani

— Elfu themanini sirudishi, hata shilingi! Samaki nilimpimia mbele ya macho yake.

— Nani kataja mizani, Laurenti? Tunataja mkono wa Klara.

Kahawa haijapoa, na benchi la Chediel, fundi baiskeli wa Ikungi, lilishageuka mahakama. Laurenti wamembatiza Mizani, maana hauzi hata kitunguu bila kuapa kwamba yeye haibi mtu. Siku ya gulio alimuuzia Klara, mkaanga samaki, ndoo mbili za perege wa bwawa lake. Wakati wa kuwaparua, mwiba ukamchoma Klara kiganjani. Sasa mkono umevimba.

Laurenti alifoka, lakini alikuwa na la kuficha. Wale perege alishawaona wakizungukazunguka juu ya maji kama walevi, macho yamewatoka. Akawahi kuwavua kabla hawajafa, akanyamaza.

Chediel alisema bwawa limelogwa. Kahawa ilipoongezwa akahama: ni wale ndege, heroe wanaokwenda ziwani, wanatema mate angani. Mazengo akacheka kwa dharau. Yeye ndiye Daktari wa kijiwe, kwa sababu nusu ya kuku wa Ikungi wamepita mikononi mwake, na dawa ya kuku bwawani mwa Laurenti aliitia yeye.

— Kuku anataga, samaki anataga. Ugonjwa wao mmoja. Na haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana nilimwaga kopo zima.

Hapo Klara akatokea, mkono kaufunga kwa kanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, waliitika chinichini.

Hakukaa.

— Zahanati wamenipa rufaa. Wameniuliza, hao samaki walitiwa dawa gani?

Mazengo alichungulia kikombe chake.

— Kopo halikuwa na karatasi, mama.

Klara akafungua kanga. Wekundu ulishavuka kifundo, unapanda kuelekea kiwiko. Chediel akageuza uso.

— Ndoo moja nimeifukia, alisema Klara, akimgeukia Laurenti. Ya pili watu walishakula. Baba Rebeka, uliwaona wanaumwa?

Laurenti alifungua kinywa aape, kama kawaida yake. Kiapo hakikuja.

— Niliwaona.

Klara akaufunga mkono upya, kwa meno na kwa ule mkono mzima.

— Elfu themanini utanilipa kesho. Sasa hivi washa pikipiki, unipeleke hospitali, na hayo uliyoyaona ukamwambie mganga kwa mdomo wako.